Resini za PVA kiwandani, za kawaida na zilizoboreshwa: mwongozo kamili wa kuchagua, kupika na kuzifanya zistahimili maji

Mfuko wa kilo 25 ulioandikwa "PVA" peke yake haujakuambia kitu. Ndani yake inaweza kuwamo resini inayoyeyuka kwa maji ya vuguvugu, au nyingine itakayotua chini ya pipa na kubaki hapo mpaka uifikishe karibu na 95°C. Zote mbili ni polivinili alkoholi, zote ni nyeupe, na kwa jicho huwezi kuzitofautisha.

Mwongozo huu ni kwa mtu anayetengeneza gundi nyeupe ya mbao, anayeviringisha roli za karatasi, anayetia wanga nyuzi za kufumia, au anayechanganya unga wa kuskimia kuta. Msimamo wangu nauweka mbele: kabla hujalipia resini iliyoboreshwa, hakikisha ya kawaida umeichagua sawasawa na kuipika sawasawa. Malalamiko mengi yanayopelekwa kwa muuzaji wa resini asili yake ni kwenye tangi la kupikia. Zilizoboreshwa zina kazi yake ya kweli, na nitaifikia, lakini haziokoi upishi mbaya.

Anza na namba mbili

PVA haiundwi moja kwa moja kutoka kwa alkoholi ya vinili, kwa sababu molekuli hiyo haidumu. Hugeuka mara moja kuwa asetaldehaidi. Kwa hiyo viwanda huanza na vinili asetati, huiunganisha kuwa mnyororo mrefu wa polivinili asetati, kisha huuyeyusha mnyororo huo katika methanoli na kutia alkali. Alkali hung'oa vikundi vya asetati na kuacha vikundi vya alkoholi mahali pake. Njia hii ya kupitia asetati ilianza na Wajerumani Willy Herrmann na Wolfram Haehnel mwaka 1924, na mpaka leo viwanda hupita humo humo.

Ukiielewa hatua hiyo ya mwisho, umeelewa biashara nzima. Asilimia ya asetati zilizong'olewa ndiyo kiwango cha hidrolisisi, na ndiyo namba ya kwanza unayotakiwa kuijua. Zikiondolewa 98 hadi 99 katika kila 100, hiyo ni resini iliyohidrolisika kikamilifu. Zikiondolewa 87 hadi 89, ni ya nusu. Ungetarajia ile yenye alkoholi nyingi, kundi linalopenda maji, iyeyuke upesi zaidi. Kumbe ni kinyume: minyororo yake hushikana yenyewe kwa yenyewe kwa nguvu, maji yakakosa pa kupenya mpaka joto liwe kali. Ile ya nusu ina asetati zilizobaki katikati zinazoitenganisha minyororo, ndiyo maana huyeyuka kirahisi. Asetati hizo hizo huifanya itoe povu zaidi, na ishike vizuri nyuso zisizopenda maji kama poliesta.

Ukishuka chini zaidi, kwenye 70 hadi 80, tabia hugeuka tena: resini huyeyuka katika maji baridi, lakini mmumunyo huwa na ukungu mweupe ukipashwa moto. Kundi hilo kazi yake kubwa ni viwanda vya kutengeneza PVC, ambako hulinda matone ya malighafi yasigandamane. Kwa gundi liache.

Namba ya pili ni urefu wa mnyororo. Sokoni huonyeshwa kwa mnato wa mmumunyo wa asilimia 4 kwenye 20°C, kwa kipimo cha mPa·s. Karibu na 5 ni mnato mdogo, 20 hadi 30 ni wa kati, kuanzia 40 ni mkubwa. Mnyororo mrefu hutoa utando wenye nguvu, lakini huwezi kuupika kwa uzito mkubwa kwa sababu tangi litakuwa zito mno kukorogeka. Ule wa mnato mdogo unaweza kufika asilimia 25 hata 30, wa kati karibu 15, na mkubwa usipite 10 hivi.

Sasa majina, maana hapa wanunuzi wengi huumia. Resini za China huandikwa tarakimu nne, kama 1788 au 2488. Mbili za mwanzo zikizidishwa kwa 100 ni urefu wa mnyororo, mbili za mwisho ni hidrolisisi. Kwa hiyo 1788 ina viungo kama 1,700 na hidrolisisi ya 88. 1799 ni ndugu yake aliyehidrolisika kikamilifu. Kampuni ya Kuraray ya Japani, kwa resini zake za Poval, huandika mnato kwanza na hidrolisisi baadaye: 22-88 maana yake ni mnato wa 22 na hidrolisisi ya 88. Ukitafuta mbadala wa 22-88 katika soko la China, usiulize 2288 wala usikubali 2488. Ulizia 1788, ambayo mnato wake huangukia humo humo kwenye 22. Ile 2488 ina mnato mkubwa karibu mara mbili, na itakuharibia vipimo vyote vya pampu na roli.

Linganisha resini na kazi

Kwenye ufumaji, resini hupakwa kwenye nyuzi za mtande ili zisikatike zinaposuguliwa na kitana cha mashine. Pamba tupu hushikwa vizuri na resini iliyohidrolisika kikamilifu, mara nyingi ikichanganywa na wanga ili kupunguza gharama. Mchanganyiko wa poliesta na pamba unataka ile ya nusu. Kabla hujaamua, fikiria kitambaa kitakavyooshwa baadaye. Resini ya kikamilifu ikipigwa joto kali, kwa mfano kitambaa kikichomwa vinyweleo au kikinyooshwa kwa moto kabla ya kuoshwa, hukaza na kugoma kutoka. Madoa yake utayaona wakati wa kutia rangi. Na usikimbilie kuiosha kwa soda kali. Alkali huing'oa ile asetati iliyobaki kwenye resini ya nusu na kuigandisha juu ya uzi. Maji ya moto safi kwanza, alkali baadaye.

Roli za karatasi na mifuko ya karatasi zinataka gundi inayoshika haraka ikiwa bado mbichi. Hapa hutumika resini ya kikamilifu au ya kati (hidrolisisi ya 95 hadi 97), ikiwa na udongo wa kaolini kama kijazo na asidi boriki kidogo ya kuongeza mshiko. Asidi boriki ni msaada mzuri mradi mchanganyiko ubaki upande wa asidi. pH ikipanda, boroni huifunga minyororo pamoja na tangi zima hugeuka jeli. Ndiyo sababu boraksi yenyewe, ambayo ni ya alkali, haitakiwi kuingia tangini kiholela.

Gundi nyeupe ya mbao ni habari nyingine, kwa sababu humo PVA ni mlinzi wa chembe za polivinili asetati zinazoelea ndani ya maji. Aina ya 1788 au ya mnato mdogo zaidi ndiyo ya kawaida, kwa kuwa asetati zake huielekeza kukaa juu ya uso wa chembe. Ukiweka ya kikamilifu, gundi huvumilia maji zaidi ila huwa ngumu kuituliza.

Unga wa kuskimia kuta na wa kubandikia vigae hutumia resini ya nusu iliyosagwa laini, inayoyeyuka kwa maji ya kawaida pale saiti. Kwa ndani ya nyumba inafaa. Kwa ukuta wa nje siipendekezi hata kidogo: utando wake huyeyuka tena mvua ikinyesha. Huko tumia unga wa polima ya vinili asetati na ethilini, hata kama bei yake inauma.

Mafundi wa boti za fiberglasi nao huitumia, ikiwa imeyeyushwa katika maji na spiriti, kupaka kalibu ya boti ili boti isigandame nayo. Resini ya nusu yenye mnato wa chini au wa kati inatosha, na baadaye utando huoshwa kwa maji.

Zilizoboreshwa: lini ulipie zaidi

Resini iliyoboreshwa ni ile iliyopandikizwa kundi jingine la kikemia kwenye mnyororo. Kila kundi hutatua tatizo moja mahususi. Ukishindwa kulitaja tatizo lako kwa sentensi moja, bado hujafika wakati wa kuinunua.

Yenye asetoasetili ndiyo ninayoithamini kuliko zote kwa kazi ya gundi. Kundi hilo hufungana na glaioksali au na kampaundi za haidrazidi bila kuhitaji tanuri, kwenye joto la kawaida la chumba. Utando wake ukikauka haurudi majini. Sharti lake ni muda: ukishatia kifungaji, yaani hiyo glaioksali au haidrazidi, saa inahesabu, kwa hiyo changanya kiasi cha zamu moja tu. Jaribu dozi ndogo kwanza na uandike baada ya dakika ngapi mnato umeongezeka maradufu.

Yenye silanoli hushika vitu vya asili ya madini: silika, udongo, kioo. Wenye kupaka karatasi za kuchapia kwa wino wa kurusha (inkjet) huitumia kushikilia silika nyingi kwa resini kidogo. Baadhi ya aina zake huyeyuka vizuri maji yakitiwa soda kidogo sana, hivyo soma karatasi ya maelezo ya mtengenezaji kabla ya kuwasha moto.

Zenye kaboksili au sulfoniki zina umuhimu mkubwa kwenye filamu zinazoyeyuka majini, kama vile vifuko vya sabuni na vya viuatilifu. Filamu ya PVA ya kawaida ya 88 ikifungiwa sabuni yenye alkali, baada ya miezi ghalani asetati zake hung'oka polepole na filamu huacha kuyeyuka katika maji baridi. Mteja hukuta ngozi ngumu ndani ya ndoo. Kundi la sulfoniki lililopandikizwa hubaki likivuta maji hata asetati zikiisha, na huvumilia pia kemikali za klorini. Hapa hakuna ujanja wa kukwepa gharama.

Yenye ethilini huvumilia maji zaidi, huzuia oksijeni vizuri hata hewa ikiwa na unyevu, na mmumunyo wake hauongezeki mnato ovyo ukikaa. Yenye chaji chanya hung'ang'ania nyuzi za karatasi, ambazo zenyewe zina chaji hasi, na husaidia kushika rangi ya wino.

Jambo la forodha: PVA ya kawaida huingia chini ya namba 3905.30. Iliyounganishwa na malighafi nyingine inaweza kuangukia namba tofauti kulingana na kiasi cha kiungo hicho. Mpe wakala wako maelezo ya kikemia kutoka kwa mtengenezaji mapema, kabla kontena halijafika bandarini.

Pokea mzigo kwa vipimo

Dai cheti cha vipimo cha shehena hiyo hiyo, si cha mwaka jana. Kiwe na hidrolisisi, mnato wa asilimia 4, unyevu na majivu.

Unyevu pima mwenyewe: kausha gramu chache kwenye 105°C kwa saa tatu kisha pima upya. Resini nyingi huwa na unyevu wa mpaka asilimia 5, na huo unaulipia kwa bei ya resini.

Hidrolisisi kamili hupimwa maabara kwa kuongeza soda ya kiasi kinachojulikana, kuiacha iing'oe ile asetati iliyobaki, kisha kupima soda iliyosalia kwa asidi. Usipokuwa na maabara, kuna jaribio la haraka linalotosha kugundua mfuko ulioandikwa vibaya. Tia kijiko kimoja katika glasi ya maji ya 30°C, koroga, acha dakika kumi. Ya nusu itavimba, itanata vidoleni na kuyafanya maji yatoe povu. Ya kikamilifu itatua chini ikiwa punje zilizotengana.

Upishi: kundi la kilo 100 la asilimia 10

Kanuni ni ile ile ya uji: unga hukorogwa kwenye maji baridi kwanza, moto baadaye. Resini ikiangukia maji ya moto, sehemu ya nje ya punje huyeyuka papo hapo na kufunga unga mkavu ndani. Bonge hilo halitavunjika hata ulipike kutwa.

1. Piga hesabu. Unataka kilo 10 za resini kavu. Ikiwa na unyevu wa asilimia 5, pima kilo 10.5. Maji ni kilo 89.5, kama tangi lako lina kuta mbili na mvuke unapita katikati yake. Kama unaingiza mvuke wa boila moja kwa moja kwenye mchanganyiko, mvuke wenyewe hugeuka maji. Kutoka 25°C hadi 95°C utapata takribani kilo 11 hadi 13 za maji ya mvuke. Anza basi na kilo 76 tu za maji, halafu mwishoni upime na kujazia.

2. Tumia tangi la chuma kisichoshika kutu. Chuma cha kawaida huipa gundi rangi ya kutu, na kemikali zinazotiwa baadaye hulila.

3. Maji yawe chini ya 25°C. Kwa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa hili ni tatizo halisi, maana tangi la juu ya paa mchana hupita 30°C bila shida. Chota alfajiri, tumia kisima cha chini ya ardhi, au tia barafu ukiihesabu ndani ya uzito wa maji. Kwa resini ya nusu jambo hili ni la lazima; ya kikamilifu inasamehe zaidi.

4. Washa kikorogeo kwanza, ndipo umwage resini polepole pembeni mwa mzunguko wa maji. Mwendo uwe wa wastani. Ukikoroga kwa kasi sana unaingiza hewa, na povu hilo utapambana nalo siku nzima. Acha izunguke dakika 10 hadi 15 bila moto.

5. Pandisha joto. Ya nusu ifike 85 hadi 90°C na ikae hapo dakika 30 hadi 45. Ya kikamilifu ifike 95°C au zaidi na ikae dakika 45 hadi 60. Muda unahesabiwa tangu kipimajoto kilichomo ndani ya mmumunyo kionyeshe namba hiyo, si tangu ufungue mvuke.

6. Kama kiwanda kiko nyanda za juu, zingatia hili. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari na maji huchemka kwenye 94°C hivi. Eldoret iko juu zaidi, na huko maji huchemka kwenye joto la chini kidogo, kama 93°C. Tangi lisilofunikwa halitafika 95°C kamwe, hata uongeze moto kiasi gani. Shika kiwango cha juu unachoweza na urefushe muda hadi saa moja na nusu, au chagua resini ya hidrolisisi ya kati ya 95 hadi 97, ambayo huachia mapema. Maelekezo yaliyoandikwa kwa viwanda vya usawa wa bahari usiyafuate kwa upofu.

7. Kagua. Paka tone kwenye kioo safi ulitazame dhidi ya mwanga. Ukiona vipunje vinavyong'aa kama vimevimba, bado. Endelea mpaka kioo kiwe wazi.

8. Poza huku ukikoroga polepole na tangi likiwa na kifuniko. Ukiacha kimya, juu hujitanda ngozi, na ngozi hiyo huziba mabomba.

9. Kiua povu kinaweza kutiwa mapema. Kihifadhi subiri mmumunyo ushuke chini ya 40°C, kwa sababu vingi huharibiwa na joto. Vaa glavu, vihifadhi hivi huwasha ngozi vibaya. Katika joto la pwani usikiruke: ukungu hauchelewi.

10. Chuja, pima uzito, jazia maji, kisha pima mnato ukiandika joto lake. Namba ya mnato isiyoandikiwa joto haina matumizi.

Ikikaa, resini ya kikamilifu huongezeka mnato na inaweza kuwa jeli, hasa usiku wa baridi. Ipashe tena hadi 90°C huku ukikoroga na itarudi. Ikigoma kurudi, shuku boroni au chumvi. Sodiamu salfeti nyingi huitoa PVA kwenye maji kabisa, kwa hiyo angalia maji ya kisima unayotumia na kila kitu kinachotiwa tangini.

Kustahimili maji

Panda hatua kwa hatua na usimame pale mahitaji yanapotimia. Hatua ya kwanza ni kubadili kutoka ya nusu kwenda ya kikamilifu. Ya pili ni joto: utando wa resini ya kikamilifu ukipitishwa zaidi ya 100°C kwa dakika chache hukaza na kukataa maji baridi. Ya tatu ni kifungaji, kwa mfano glaioksali au chumvi ya zirikoni, kinachotiwa karibu na wakati wa kutumia. Ya nne ndiyo resini ya asetoasetili.

Kwa gundi ya mbao usiuze kwa maneno. Kiwango cha Ulaya cha EN 204 kina daraja D1 hadi D4. Ili gundi iitwe D3, vipande vya mbao vilivyoungwa hukaa siku 7 vikikauka, kisha siku 4 ndani ya maji ya kawaida, na vikivutwa vikiwa bado vimelowa viungo vyake vistahimili angalau 2 N/mm². Kuloweka siku nne kila kiwanda kinaweza, na hata kabla ya kupata mashine ya kuvutia utajua mengi kwa kuvunja kipande kwa mkono: nyuzi za mbao zikichanika, uko njiani, kiungo kikiachia safi, bado.

Sakafu, vumbi na maji machafu

PVA si sumu kali, lakini vumbi lake laini likitanda hewani karibu na cheche linaweza kulipuka. Mashine za kusagia unga ziunganishe na ardhi kwa waya, na usifagie kwa fujo. Mmumunyo ukimwagika sakafuni huteleza sana. Mwaga maji mengi mara moja, kabla haujakauka.

Maji ya kuoshea matangi na vitambaa yasiende mtoni. PVA huliwa na bakteria, ila ni wale waliozoeshwa kwenye mtambo wa kusafisha maji kwa muda, na kuoza kwake hula oksijeni nyingi ya maji. Ulizia vibali vya utiririshaji kwa mamlaka ya mazingira: NEMC kwa Tanzania, NEMA kwa Kenya. Njia nafuu ya kupunguza mzigo huo ni maji ya kwanza ya kuoshea tangi kuyahifadhi kwenye pipa lenye kifuniko na kihifadhi, kuyapima asilimia ya resini kwa kukausha sampuli, na kuyatumia kama sehemu ya maji ya kundi linalofuata la resini ile ile.